Fortunata Akatazwa Kuhoji Watu

Fortunata wa Kizwite, mjini Sumbawanga, alijaliwa kipaji kimoja tu, na kwa bahati mbaya hakikuwa cha kushona wala cha kupika. Alijaliwa kuongea. Mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo. Akikaa na wenzake sokoni aliwaambia kwamba Mungu alipokuwa akigawa midomo yeye alipanga foleni mara mbili, na alipofika kwenye foleni ya masikio akakuta wamekwisha funga dirisha.

Alizaliwa kijijini Msanzi, binti wa katekista, na baba yake alitamani sana apate mtoto sista. Basi alipomaliza darasa la saba akapelekwa kwa masista kujaribu wito. Hakumaliza hata mwaka. Kule kulikuwa na saa za ukimya, na saa hizo ndizo Fortunata alizokumbuka mambo yote ya muhimu. Sista mkubwa akamwita ofisini, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, Mungu anakusikia hata ukinyamaza. Sisi wengine ndio tunaochoka." Akarudishwa Msanzi na sanduku lake la bati, na abiria wote wa lori lile walishuka wakiijua habari nzima.

Baadaye akapata ukarani katika shirika moja la umma lililogawa mbolea mkoani. Huko alifaa, maana wakulima walipenda karani anayewauliza habari za mashamba. Kisha mambo ya soko huria yakaingia. Ruzuku ya mbolea ikafutwa, shirika likayumba, wafanyakazi wakaambiwa watapunguzwa. Siku ya mkutano meneja alitangaza kwamba mwenye swali aulize. Fortunata alikuwa nayo mengi. Jina lake lilikuwa la kwanza kusomwa kati ya waliopunguzwa, naye hadi leo anaamini kwamba angenyamaza angekuwa wa pili.

Akaingia kwenye mitumba kama wengine. Meza yake sokoni ilijaa watu kuliko meza zote, lakini watu walikuja kwa mazungumzo, wakicheka wakiwa wameegemea marobota, kisha wakaenda kununua mashati kwa jirani. Mumewe, Isdori, alikuwa fundi seremala, na maneno yake ya mwaka mzima yangeenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Jioni Fortunata alimpa habari za soko zote, naye Isdori alipiga randa huku akiitikia "mh." Kwa "mh" hiyo waliishi vizuri na wakalea watoto, wa kwanza wao Yonas.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule alipofika Rose.

Rose alikuwa msichana wa Kinyakyusa aliyekulia Mbeya, mwalimu kijana wa chuo kikuu, amekuja Sumbawanga kufanya utafiti wa shahada yake. Alitaka kujua familia za wakulima wanaishije tangu mbolea ipande bei: nani anaamua mahindi yauzwe, nani anaamua yabaki, na miezi ya njaa watu wanakula nini. Alihitaji mtu wa kusaidia kuhoji akina mama, anayejua Kifipa na anayefahamika. Sokoni kila aliyeulizwa alimwonyesha meza moja.

"Kazi yenyewe ni kuuliza na kusikiliza," Rose alimweleza.

"Kuuliza najua, mwanangu," Fortunata akajibu, na hilo la pili akaliacha lipite.

Akavaa kitenge chake cha sikukuu, akabeba mkoba wa madodoso, zile karatasi za maswali, kama mtu anayebeba sakramenti, akaanza kuzunguka vijiji vya kando ya mji. Akajiita mdodosaji. Wiki ya kwanza ilipoisha Rose aliketi kusikiliza kaseti alizorekodi Fortunata. Alisikiliza moja, akabadilisha, akasikiliza nyingine, kisha akazima redio.

"Mama Yonas, samahani. Humu ndani anayehojiwa ni nani?"

Fortunata akataka kujua ana maana gani.

"Nasikia umemweleza huyu mama jinsi ulivyoachishwa usista. Nasikia umemweleza na habari ya meneja. Halafu yeye anasema 'ee mama, pole sana,' na kaseti inaisha."

Fortunata alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona haya kweli. Tangu siku hiyo alijifunza kuweka kalamu mdomoni kila anapomaliza kuuliza, ili mdomo uwe na shughuli. Kidogo kidogo watu wakaanza kusema. Wanawake walimweleza mambo ambayo hata padri hajayasikia, naye akagundua, kwa mshangao mkubwa katika umri wake, kwamba watu wengine nao wana habari.

Mwishoni mwa mwaka mvua za El Nino zikaanza kunyesha kana kwamba zimekodishwa. Vyoo vikafurika, visima vikachafuka, na kipindupindu kilichokuwa bondeni huko ziwani kikapanda mlima na kuingia uwanda wa Ufipa. Redio ilisema ni maradhi yanayozunguka dunia nzima, na sasa yamefika kwetu. Pombe za kienyeji zikapigwa marufuku, mama ntilie wakafungiwa, misibani watu wakakatazwa kula. Barabara ya kwenda Tunduma ikakatika, na Rose aliyetaka kwenda Dar es Salaam akakwama mjini.

Siku moja akaitwa posta kupokea simu ya chuo. Aliporudi alikwenda moja kwa moja Kizwite, akasimama mlangoni bila kutoa mkono.

"Mama Yonas, kazi imesimama. Chuo kimepiga marufuku utafiti wowote wa kukutana na watu ana kwa ana, mikoa yote yenye ugonjwa. Hatuingii nyumba ya mtu mpaka waturuhusu."

"Marufuku kuongea na watu?"

"Kuongea nao ana kwa ana."

Fortunata akahesabu moyoni: masista, shirika, na sasa chuo kikuu. Alianza kuona kwamba ni mpango. "Lakini mwanangu," akasema, "kipindupindu ni cha maji na uchafu. Tangu lini kikaambukizwa kwa maneno?"

Rose alikuwa amechoka, viatu vyake vimejaa tope. "Maneno hayaendi peke yake, mama. Ukifika kwa mtu anakupa mkono. Anakupa kiti. Anakupa maji ya kunywa, na wewe utakataa? Na yeye atakukataa wewe umetoka chuo kikuu na mkoba wako? Hawezi. Ndiyo maana sisi ndio tunaotakiwa kujizuia."

"Nimeelewa," Fortunata akasema, na kweli alielewa. Shida yake haikuwa kuelewa.

Alikaa nyumbani. Sokoni hakukuwa na watu. Isdori alipiga randa. Alimsimulia Isdori habari zote alizokuwa nazo, kisha akazirudia kwa mpangilio mwingine. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba katika kijiji cha Kasense kulikuwa kumebaki nyumba moja tu, ya Stefania, mama ambaye Fortunata alikwisha mhoji nusu kabla mvua haijawafukuza. Mdodosaji gani anaacha kazi nusu? Akaanza kujishawishi kama wakili. Chuo kimekataza ana kwa ana. Hakikukataza kwa mbali. Mtu akisimama barabarani, mwingine akakaa barazani kwake, katikati kuna uwanja mzima na mifereji ya maji. Hapo ana kwa ana iko wapi? Aliiona hoja hiyo kuwa nzuri sana, akashangaa kwamba huko chuoni, pamoja na usomi wao, hakuna aliyeifikiria.

Asubuhi moja mvua ilipopumzika akavaa kitenge chake, akabeba mkoba, akatembea hadi Kasense.

Stefania alikuwa Mfipa aliyeolewa na Limbu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma na sasa akilima mahindi kama wenyeji. Fortunata alisimama ng'ambo ya barabara, akakusanya mikono mdomoni.

"Stefania! Hodi huko! Usije, kaa hapo hapo! Tunamalizia yale maswali yetu!"

Stefania akacheka, akaketi barazani na ungo wake wa maharage. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watoto wangapi? Madebe mangapi ya mbegu? Majirani wakaanza kutoka nje kuona nani anagombana na nani. Mpita njia mmoja akasimamisha baiskeli. Fortunata hakuwajali, sauti yake ilikuwa imepata uwanja unaoitosha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Sasa swali la kumi na nane! Je, katika kaya hii kuna mahindi ambayo mke huyahifadhi bila mume kujua?"

Stefania akaweka ungo chini. Akatazama njia ya shambani aliyoondokea Limbu, akaona haina mtu. Na kwa kuwa mdodosaji alikuwa mbali ilimlazimu naye apaze sauti: "Yapo! Nimeweka kwa kaka yangu mjini! Limbu akiyaona atabadilisha kwa ndama!"

Wakati huo huo Limbu alikuwa nyuma ya nyumba. Mnyororo wa plau ulikuwa umekatika, akarudi kuutengeneza. Akatokeza pembeni ya nyumba ameushika mnyororo mkononi. Mwenye baiskeli akaangua kicheko. Jirani mmoja akauliza kwa sauti ni magunia mangapi.

Fortunata anasema kwamba hapo ndipo alipaswa kugeuka na kwenda zake, maana kila akili aliyokuwa nayo ilimwambia hivyo. Badala yake akavuka barabara ili asuluhishe.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia Limbu kwa Kisukuma chake kibovu, akaingia uani na mkoba wake, akaanza kueleza. Alieleza umuhimu wa utafiti. Alieleza soko huria. Alieleza kwamba wanawake wengi wa uwanda huu wanafanya hivyo, jambo ambalo halikumfariji Limbu hata kidogo. Akaeleza mpaka koo likakauka, maana lilikuwa limekwisha choka kwa kupiga kelele. Stefania, kwa aibu na kwa desturi, akaingia ndani akatoka na kata ya maji ya mtungi. Fortunata akayanywa yote, akashukuru, akaomba tena kidogo.

Limbu alisema sentensi moja tu. "Mama, mahindi si kitu. Barabara nzima imesikia."

Fortunata alirudi Kizwite akiwa amenywea. Hakumwambia Isdori neno, na Isdori akaacha randa akamtazama, maana jambo hilo halikuwahi kutokea.

Ugonjwa ulimwanza alfajiri ya siku ya pili. Hakuna haja ya kueleza kipindupindu kinavyomfanya mtu. Hata Fortunata, ambaye hueleza kila kitu, sehemu hiyo huiruka. Isdori alimbeba kwenye mkokoteni wake wa mbao hadi kambini. Kambi ilikuwa shule ya msingi iliyofungwa, pembeni ya mji, madarasa yamejaa vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Walimtundikia maji mikono yote miwili. Kitenge chake cha sikukuu kikatumbukizwa kwenye pipa la dawa, na alipokiona tena kilikuwa kimegeuka rangi ya uji.

Muuguzi mmoja, Enock, alikuja na barakoa yake akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mama, siku hizi mbili tatu umekula wapi? Umekunywa maji kwa nani?"

Fortunata akafumba macho. Maisha yake yote alikuwa akisubiri mtu aje ampige maswali, amefika, na hana hamu ya kujibu hata moja. Akimtaja Stefania, gari la afya litaenda Kasense mbele ya majirani wale wale, watapuliza dawa, watafunga nyumba, na mwenye baiskeli atapata kicheko kingine. Limbu atasemaje? Tena nani ajuaye: labda si maji yao. Labda ni yeye aliyeupeleka ugonjwa kutoka mjini kwa mikono yake, alipopokea ile kata.

"Mama, siulizi umbea," Enock akasema. "Tunataka kuwafikia watu mapema."

Maneno hayo aliyajua. Ndiyo aliyokuwa akiwaambia wahojiwa wake. Akataja. Kwa Limbu, Kasense, nyumba ya bati iliyo karibu na mfereji. Akataja na wale waliokuwa wamesimama. Akasema na kilichompeleka huko, na kwamba alikatazwa. Alipomaliza alikuwa analia, ingawa Enock alimwambia asipoteze maji.

Gari likaenda. Walipofika walimkuta mama mzaa Limbu amelazwa chumba cha nyuma, macho yameingia ndani, familia imemficha tangu jana yake kwa kuogopa kambi, maana ilisemekana wanaoingia hawatoki. Wakamleta. Alilazwa kitanda kinachopakana na cha Fortunata, na siku nzima ile Fortunata hakusali sala nyingine isipokuwa ya bibi huyo, akimwomba Mungu kwa kunong'ona tu, jinsi sista alivyomfundisha bila mafanikio.

Bibi alipopata nguvu ya kugeuza shingo alimtazama jirani yake kwa muda.

"Ndiye wewe," akasema, "uliyekuwa unapiga kelele barabarani?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Akapumzika kidogo. "Mimi nilidhani ni mnada."

Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Ndugu walisimama nje ya kamba iliyozungushwa uwanja wa shule, na aliyetaka kuzungumza na mgonjwa alizungumza akiwa huko. Isdori alikuja kila asubuhi. Siku za mwanzo alisimama tu, ameshika kofia, mpaka Enock akamwambia kwamba wagonjwa wanasikia, aseme chochote. Fortunata anasema alisikia mtu akikohoa nje kwa muda mrefu kama anayewasha lori. Kisha sauti ya mumewe, ambayo hakuijua kuwa kubwa kiasi hicho, ikaingia dirishani:

"Mama Yonas! Kuku wa madoa ameatamia!"

Darasa zima likasikiliza.

"Nimemaliza kabati la padri! Mlango mmoja unabana!"

Akakohoa tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Nyumba kubwa mno bila wewe!"

Bibi mzaa Limbu akauliza huyo ni nani. Fortunata akajifunika shuka usoni.

Walitoka wote wawili, Fortunata na bibi, wakiwa hai, jambo ambalo si kila aliyeingia shuleni humo alilipata. Siku aliyotoka, Rose alikuwa akimngoja nje ya kamba. Alikuwa amekonda.

"Nimewaambia chuo," Rose akasema. "Ilinibidi. Wamefunga utafiti wangu mpaka mwakani, na yote tuliyokusanya Kasense nimeambiwa nisiyatumie."

Fortunata alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi, ameyapanga kitandani kwa zamu. Akamtazama msichana yule na viatu vyake vya tope, akaona mwaka wake mzima umepotea kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kukaa nyumbani. "Nimekuharibia, mwanangu," akasema. Mengine yote yakakwama.

"Umeniharibia," Rose akakubali. "Lakini ulipoulizwa ulisema. Muuguzi ameniambia." Hakumkumbatia, kwa sababu bado ilikatazwa, ila alimbebea kifurushi chake mpaka njia panda ya Kizwite.

Kwa Limbu haikuwa rahisi hivyo. Fortunata alipokwenda kuomba msamaha, safari hii baada ya kutuma mtu kuuliza kama anaweza kufika, Limbu alimwacha akae barazani mpaka ng'ombe wote walipokamuliwa. Mnadani walikuwa wamekwisha mpa Limbu jina, wakimwita Swali la Kumi na Nane. Alimsikiliza, akashukuru kwa habari ya mama yake, ambaye asingalipona bila lile gari, kisha akasema kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, moja halifuti jingine. Fortunata aliona kwamba ni kweli, akaondoka. Stefania alimsindikiza hadi kwenye mfereji. Mahindi ya kwa kaka yake ndiyo waliyokuwa wakila mwezi ule, akasema, na Limbu alikuwa akiyala bila kusema neno.

Kiangazi cha mwaka uliofuata Rose alirudi na kibali kipya. Sasa alitaka pia kuongea na watu waliougua, aone kaya zao zilivumiliaje. Akafika Kizwite, akapewa kiti na chai, akatoa karatasi.

"Mama Yonas, safari hii nakuhoji wewe. Ni lazima nikusomee kwanza. Una haki ya kukataa. Una haki ya kuacha swali lolote usilotaka kulijibu, na hutaulizwa kwa nini."

"Hata moja?"

"Hata yote."

Fortunata alikubali, wakaanza. Alijibu vizuri, kwa kirefu, na kaseti ikabadilishwa. Kisha Rose akamuuliza kama alipokuwa kambini aliwahi kumwogopea mtu yeyote nyumbani. Fortunata akafungua mdomo. Jibu lilikuwapo, lilikuwa zuri, na Isdori alikuwa pale nje akichonga mguu wa meza. Akaufunga mdomo.

"Hilo tulipite," akasema.

"Hakuna shida, mama."

Hakuwa na siri yoyote ya kuficha. Alitaka tu kuonja mtu anajisikiaje akikataa, na akaona ni kutamu kiasi kwamba aliwahurumia wanawake wote aliowahi kuwabana kwa kalamu mdomoni. Rose akageuza ukurasa. Swali lililofuata lilikuwa la umri, na hapo Fortunata akajibu haraka, akiwa amejipunguzia miaka kadhaa.